Nilivyoupunguza mpunga pori kwenye majaruba yangu Kitere

Mchele wenye punje nyekundu ukifika mashineni, mnunuzi anashusha bei palepale. Hilo ndilo lililonifanya niuchukulie hatua mpunga pori, gugu linaloleta punje hizo, maana hapa bonde la Kitere, Mtwara Vijijini, wengi tumeuzoea tu kama mbu.

Nilianza kwa kuutenga mafungu mawili, kwa sababu dawa yao si moja. Kuna ule mwekundu, mrefu, wenye ndevu, unaopukutika kabla hujaleta mundu. Mbegu zake hulala udongoni kwa miaka na huota kwa awamu. Dawa ya magugu inayouacha mpunga wako nao inauacha, kwani ni mpunga uleule kwa spishi, Oryza sativa, ila umeurudia upori. Fungu la pili ni Oryza longistaminata, wa kudumu, wenye mashina yanayotambaa chini ya udongo.

Kwa ule mwekundu, fedha za korosho zikitoka tu nalima mapema. Nalowesha jaruba, naacha uote wote unaotaka kuota, kisha naburuga kwa powertila, lile trekta dogo la mkono. Unapoota tena, naburuga tena, ndipo napandikiza. Inauma kuona jirani kapanda nawe bado unaotesha magugu, lakini hapo ndipo kazi ilipo. Halafu napanda kwa mstari. Vibarua walinung'unika, "Njomba, kamba hii inatuchelewesha." Nikawaambia wavumilie, kwani wakati wa palizi mche wowote ulio katikati ya mistari unang'olewa bila kuuliza ni wa nani.

Mbegu nayo naikagua. Maji ya chumvi yanaelesha mapepe tu, wekundu hayautengi. Kwa hiyo namenya viganja kadhaa vya mpunga kwa mkono. Nikiona punje moja nyekundu, gunia hilo haliendi kitaluni. Na ukikuta nyekundu kwenye mpunga mfupi usio na ndevu, jua umeshachanganyika na wa pori. Weupe wa mchele wetu mwingi umetokana na herufi 14 tu za DNA zilizopotea kwenye jeni moja, Rc, na wekundu ukikutana na weupe, wekundu ndio unaoonekana.

Ule wa kudumu usiuburuge kamwe. Kila kipande powertila inachokikata kinachipua. Naufukua kwa jembe wakati wa kiangazi, naanika mashina juani mpaka yakauke. Mgongo unauma, sina njia nyingine.

Mtafiti mmoja aliyepita bondeni ndiye aliyenishangaza. Aliomba masuke ya mpunga pori, na mimi nilikuwa nayatupa! Akaeleza kwamba mpunga wetu hujichavusha wenyewe, ndiyo maana shamba zima linafanana, na ugonjwa ukiingia unalifagia lote. Longistaminata kwa sehemu kubwa hukataa chavua yake yenyewe, huchukua ya mwenzake, hivyo kila kichaka kina tabia zake. Kutoka kwa mmea wa namna hiyo uliochukuliwa Mali ilipatikana jeni ya Xa21, inayokinga ugonjwa wa bakteria unaokausha majani. Wanasayansi waliitenga mwaka 1995. Tena yale mashina yanayonivunja mgongo, Wachina wameyageuza faida. Waliichanganya Longistaminata na mpunga wa kawaida wakapata PR23, mpunga wa kudumu ulioanza kutolewa kwa wakulima mwaka 2018. Unapandwa mara moja, na kwenye majaribio ulivunwa mara nane ndani ya miaka minne. Hata ule mwekundu una chake: umezoea kuota bila kubembelezwa na kushindana na magugu, na hizo ni tabia ambazo mpunga wetu wa kuchaguliwa umezipoteza.

Tangu hapo ule wa kudumu ulioko ukingoni mwa ziwa, mbali na majaruba, siufukui, na ng'ombe wakiusogelea nawafukuza. Majirani wananicheka. Ndani ya jaruba sina huruma: suke lolote lenye ndevu nalikata kabla halijakomaa.

Imebaki kona moja ya chini, maji hutuama na kamba haifiki vizuri, na wekundu bado unachomoza. Safari hii baada ya mavuno maji yakikauka napanda choroko hapo, na msimu unaofuata nairuka kabisa. Ikibidi tutakula mchele pungufu. Choroko sokoni zina bei nzuri vilevile, na katikati ya choroko jani la mpunga haliwezi kujificha.