Fistral, Januari, peke yangu

Saa mbili na robo asubuhi jua ndiyo kwanza linachomoza nyuma ya nyumba za Newquay, mji wa pwani ya Cornwall, Uingereza, na penye maegesho ya Fistral, ufukwe ninakopanda mawimbi kwa ubao, kuna gari moja tu, langu. Nilikaa ndani dakika ishirini bila kushuka. Ami yangu wa Malindi, aliyenifunza bahari kabla sijajua kusoma, hasukumi ngalawa yake majini mpaka ayatazame maji kwanza, na tabia hiyo imenikaa. Nikahesabu. Mawimbi yalikuja kwa mkururo, makubwa matano au sita, kila moja sekunde 14 nyuma ya mwenzake, kisha bahari ikatulia dakika kama nane. Yale makubwa yalinipita kimo kwa karibu nusu. Umande, upepo wa kutoka nchi kavu, ulikuwa unavuma, ukiyasimamisha mawimbi na kurusha manyunyu ya vilele vyake kuelekea nje. Kwetu umande hutoka magharibi. Hapa Cornwall hutoka mashariki, na mwaka wa nne huu bado sijazoea.

Mwenzangu ninayeingia naye siku zote alikuwa kazini. Msimu wa baridi waokoaji hawakai ufukweni. Hayo yote niliyajua, na bado nikavaa suti ya mpira ya milimita tano, viatu, glavu na kofia, nikakagua kamba inayofunga ubao mguuni mara mbili.

Niliingia upande wa kusini, kando ya miamba, ambako mkondo unatoka. Ilikuwa bamvua, siku za maji makubwa, na maji yanakupwa kwa kasi. Huku tofauti ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 7, kwetu kama nusu yake tu. Mkondo ukanibeba bila kunichosha. Nilipouzamisha ubao chini ya povu la kwanza, baridi ilinichoma katikati ya nyusi kama sindano.

Nje kulikuwa kimya. Sili mmoja alitoa kichwa, akanitazama, akazama.

Mawimbi mawili niliyaacha yapite. La tatu nililiona likiwa bado mstari mweusi kwa mbali, nikageuza ubao, nikapiga mikono. Kuna nukta moja mkia wa ubao unapoinuliwa, ukitazama mbele ya pua yake huoni maji, unaona shimo. Mwili wote unataka kurudi nyuma, na ukiukubalia umeanguka. Nikasimama. Manyunyu yalinifumba macho, nikabaki na miguu tu, ubao ukigongagonga kama gari kwenye njia ya mawe. Kisha ukatulia ghafla, ukawa unayakata maji kwa sauti ya kanga mpya inayochanwa. Nilipofumbua macho ukuta wa maji ulikuwa kuliani kwangu, kijani, mrefu, bado haujaumuka, haujavunjika kuwa povu. Kwa ajili ya hiyo sauti naamka gizani.

Kosa nilifanya wakati wa kurudi. Badala ya kuzunguka hadi kwenye mkondo, nilikata katikati, na mkururo ukanikuta hapo. La kwanza liliumuka mbele yangu hatua chache. Chini kulikuwa giza tupu, kamba ikinivuta mguu huku maji yakinivuta kichwa. Nilihesabu hadi kumi na moja. Nilipoibuka povu lilikuwa zito mno, nikafungua mdomo nikalivuta lenyewe, na la pili likawa limeshafika. Baada ya la tatu niliacha kushindana. Nililala kifudifudi juu ya ubao, povu likanipeleka pwani.

Vidole havikuweza kushika ufunguo wa gari. Niliusukuma kwa viganja viwili, nikakaa nikitetemeka na chai ya tangawizi hadi saa nne. Kwenye mawimbi ya kimo kile siingii tena bila mtu.

Jioni nilimpigia ami.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Uliingia na nani?"

Nikamwambia. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani laini imekatika.

"Upepo ulikuwa gani?"

"Umande."

"Basi yalisimama vizuri," akasema.