Siku Moja Maishani Mwangu: Mtu wa Nyuma Kwenye Tamthilia ya Televisheni

Saa 11 alfajiri

Mimi ni mtu wa nyuma, yaani mwigizaji asiye na maneno anayeonekana nyuma ya wahusika. Ujumbe wa ratiba uliingia jana usiku: sini ya mapokezi ya hospitali, kufika saa 12 kamili, vaa kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa, na ulete nguo za kubadilisha. Natia begini mashati matatu ya rangi tulivu. Jeupe pee naliacha, kwa sababu linarudisha mwanga mwingi na kuvuta macho ya mtazamaji kutoka kwa wahusika. La mistari myembamba iliyobanana naliacha pia. Kwenye kamera ya kidijitali mistari ya namna hiyo huanza kucheza, ikatoa mawimbi ambayo kwenye kitambaa hayapo. Na nembo ya kampuni kifuani ndiyo haitakiwi kabisa, maana nembo ina mwenyewe.

Saa 12 asubuhi

Kuandikisha jina, kuweka sahihi kwamba sitatangaza nilichokiona wala kupiga picha, kuzima simu. Kisha kwa watu wa mavazi. Wamechagua shati la rangi ya udongo kwa kuwa mhusika mkuu amevaa bluu. Mikono ya shati nimekunja mara mbili, basi itabaki imekunjwa mara mbili mpaka jioni. Mtunza mwendelezo, anayehakikisha kila kitu kinafanana kutoka picha moja hadi nyingine, ananipiga picha mbele na nyuma, na bahasha niliyopewa anaipiga pia ikiwa mkono wa kushoto.

Saa 2 asubuhi

Tunasubiri. Anayeanza kazi hii huchoshwa na kusubiri kuliko kitu kingine chochote, lakini ukichungulia seti utaelewa muda unakwenda wapi. Dirisha la wodi halina jua nyuma yake. Jua ni taa kubwa iliyoinuliwa juu ya stendi, ikapitishwa kwenye kitambaa ili ilainike, na kila kiti kikisogezwa kivuli chake kinahama, mafundi wanapanga upya. Mimi hutumia muda huo kuwasikiliza waliotangulia. Leo nimekaa na mama mmoja mzoefu, akaniambia, "Mwanangu, usitembee tu. Mtu hatembei hospitalini bila shida iliyomleta."

Saa 4 asubuhi

Tunaitwa. Mwongozaji msaidizi ndiye anayetupanga sisi wa nyuma. Ananiambia: "Kaka mwenye bahasha, utatoka mlangoni, upite nyuma ya muuguzi, uishie dirishani. Ndani ya bahasha kuna majibu ya vipimo vya mama yako, na hujayafungua."

Sentensi moja tu hiyo ya mwisho, na miguu yangu inajua la kufanya. Majibu ambayo hujayafungua huyabebi kama karatasi ya kawaida. Laiti waongozaji wasaidizi wote wangetupa sentensi kama hiyo! Wengi husema "wewe pita hapa" na kuondoka, kisha hushangaa korido imejaa watu wanaotembea kwa mwendo mmoja kama askari wa gwaride. Hawana ubaya, wamebanwa na muda. Lakini sentensi hiyo haichukui hata sekunde kumi.

Amri zinapokezana: sauti inarekodi, kamera inarekodi, kibao cha kutambulisha sini kinapigwa mbele ya kamera. Mlio wa kibao una kazi yake. Sauti na picha mara nyingi hurekodiwa na mashine tofauti, na mhariri huja kuzilinganisha pale vipande viwili vya kibao vinapogusana. Kisha inakuja amri yetu, "Nyuma!", na baada yake ndipo "Eksheni!" kwa wahusika. Sisi tunatangulia ili mhusika akianza kusema, hospitali iwe tayari ina watu na shughuli zao.

Shughuli hizo zote ni bubu. Wawili walio kwenye benchi wanazungumza kwa midomo bila sauti. Anayesukuma kiti cha magurudumu amebandikwa kitambaa kinene chini ya viatu. Maneno ya wahusika lazima yanaswe yakiwa safi. Minong'ono ya watu na vishindo vya nyayo vitaongezwa baadaye kwa kiasi kinachotakiwa. Kucheka bila sauti ni kugumu kuliko kulia, kwa sababu mabega hutaka kwenda na kicheko.

Kamera huanza kwa picha pana, halafu husogea karibu na wahusika, na ndipo kazi yangu inapokuwa ngumu. Nilipita nyuma ya muuguzi alipotamka "subiri". Basi kila tunaporudia nitapita kwenye neno hilo hilo, bahasha mkono wa kushoto, hata pale ambapo lenzi imekaza usoni mwake na mimi ni kivuli tu chenye ukungu. Mhariri akiunga picha pana na ya karibu, nikiwa nimechelewa hatua mbili nitaonekana nimeruka. Akishindwa kuificha, anaweza kuacha picha ambayo mhusika aliigiza vizuri kuliko zote. Ndiyo maana nahesabu hatua zangu kimoyomoyo, na macho yangu hayaendi kwenye lenzi kamwe.

Saa 7 mchana

Chakula. Mafundi wanatangulia kwa kuwa ndio watakaorudi kazini mapema, sisi tunafuata. Tunafunika mavazi wakati wa kula.

Saa 8 mchana

Kamera imegeuzwa kutazama upande wa pili, na taa karibu zote zimehamishwa. Mwendo wangu sasa unaangaliwa kutokea mbele. Kila mtu anakumbushwa upande wake, kwa sababu kamera ikivuka mstari wa kufikirika kati ya wahusika wawili wanaozungumza, watazamaji wataona kama wamebadilishana nafasi. Wenzetu ambao nyuso zao hazikuonekana asubuhi wanabadilishwa nguo na kugeuzwa watu wengine kabisa.

Saa 11 jioni

Fundi sauti anaomba ukimya wa chumba. Waigizaji, mafundi, sisi wa nyuma, wote tunasimama tulipo kwa takriban nusu dakika huku akirekodi. Kila chumba kina ukimya wake, na mhariri asipokuwa nao, nafasi kati ya maneno husikika zimekufa. Napenda sana nusu dakika hii, kwa kuwa hapo nyota wa tamthilia na mimi tunafanya kazi moja kwa uzito mmoja.

Saa 12 jioni

Narudisha bahasha na kusaini fomu. Nakagua saa ya kuingia na ya kutoka kabla ya sahihi, maana malipo na muda wa ziada hufuata karatasi hiyo. Ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa kuwa dakika moja kwenye skrini, hivyo siku yetu nzima huenda ikawa dakika chache tu.

Sini haijaisha. Kesho mhusika anatoka wodini, na kwenye hadithi ni dakika ile ile. Mtu wa mavazi amelichukua shati akaliandikia lebo lisifuliwe wala kupigwa pasi, na mwongozaji msaidizi amenieleza kwamba kesho ndipo nitakapoifungua bahasha.