Kamera Yangu na Dirisha la Jirani
Kamera ya usalama huilinda nyumba kwa kuangalia pale mwizi anapolazimika kupita, yaani mlangoni na getini, kwa hiyo sioni sababu ya kuielekeza kwenye dirisha la jirani. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kamera ya nyumbani inayorekodi pia njia ya umma haihesabiwi kuwa shughuli ya kifamilia tu, hivyo sheria ya kulinda taarifa binafsi inaihusu. Linalonisumbua zaidi ni sauti, kwa kuwa maikrofoni hunasa mazungumzo ya watu wasioonekana kabisa kwenye picha, hata ukiziba sehemu ya picha hiyo. Maikrofoni ya kamera yangu nimeizima, na rekodi nimezipanga zijifute baada ya siku chache; sebuleni (wageni nao wana haki yao) sikuweka kamera.