Jinsi nilivyoyazoea maneno ya wachapaji wa fulana, vikombe na kofia

Kikundi chetu kiliponikabidhi kazi ya kuagiza fulana, vikombe na kofia zenye nembo, orodha ya bei niliyoletewa ilikuwa imejaa maneno kama vekta, sablimesheni, DTF, prufu na ada ya skrini, na kila neno lilikuwa na gharama yake. Sikuyakariri. Niliyapanga kwa kuanzia na kitu chenyewe kinachochapwa, nikijiuliza kimetengenezwa kwa nini, kwa sababu malighafi ndiyo inayoamua njia ya kuchapa, na njia ya kuchapa ndiyo inayoamua faili la nembo litayarishwe vipi.

Nilianza na vikombe, na hapo ndipo nilipoielewa sablimesheni. Picha huchapwa kwanza kwenye karatasi maalumu kwa wino wake, kisha karatasi hiyo hukandamizwa juu ya kitu kwa joto la takriban nyuzi 200 za Selsiasi. Kwa joto hilo wino hugeuka kuwa gesi bila kupitia hali ya umajimaji, ukapenya ndani ya poliesta, yaani nyuzi za plastiki, na kubaki humo. Ndiyo maana ukipapasa kitambaa kilichochapwa hivyo husikii chochote juu yake, na ndiyo maana pia kikombe cha kawaida cha kauri hakifai mpaka kiwe kimepakwa tabaka la polima, yaani plastiki inayoupokea wino huo. Jambo la pili lililonifaa sana ni kwamba wino wa sablimesheni hauna rangi nyeupe: sehemu nyeupe ya picha ni weupe wa kitu chenyewe. Muuzaji akikuahidi sablimesheni kwenye fulana nyeusi ya pamba, muulize kwanza anakusudia njia gani hasa.

Fulana zetu zilikuwa za pamba, tena nyeusi, kwa hiyo mlango huo ulifungwa na mingine mitatu ikafunguka. Njia ya kwanza ni DTG, ambapo mashine hunyunyiza wino moja kwa moja juu ya kitambaa. Fulana ya rangi nzito hupakwa kwanza dawa ya kuandaa uso wake, kisha huwekwa tabaka la wino mweupe chini ya rangi nyingine, la sivyo rangi zote zingezama katika weusi. Ya pili ni DTF: picha huchapwa kwenye filamu ya plastiki, wino ungali mbichi hunyunyiziwa unga wa gundi, unga huo huyeyushwa, kisha filamu hukandamizwa kwenye nguo kwa joto na kubanduliwa. Niliomba nionyeshwe sampuli ya kila njia nizishike kwa mkono. Ile ya DTF ilikuwa na utando laini unaonyumbuka, unaosikika kidoleni kwenye ukingo wa herufi. Ile ya DTG ilikuwa karibu sawa na kitambaa chenyewe, ila pale penye weupe mwingi ilikuwa nzito kidogo.

Ya tatu ni skrini, yaani fremu iliyotandikwa wavu laini ambao wino husukumwa kupitia matundu yake. Kila rangi huhitaji skrini yake, na hapo ndipo ada ile ilipotoka: nembo ya rangi tatu kwenye fulana nyeusi inaweza kuhitaji skrini nne, kwa kuwa ile ya weupe wa chini nayo huhesabiwa. Gharama hiyo haibadiliki uchape fulana chache au nyingi, kwa hiyo hupungua uzito kadiri idadi inavyoongezeka. Sisi tulihitaji chache, nikachagua DTF bila kusitasita.

Kofia hazikunisumbua, kwani tulitaka zitariziwe. Nilichohitaji kujua ni kwamba mashine ya kutarizi haisomi picha. Mtu lazima aigeuze nembo kuwa faili la mishono linaloeleza kila uzi uende upande gani na ubanane kiasi gani. Maandishi madogo chini ya nembo yetu tuliyaondoa, maana herufi ndogo mno hugeuka kuwa fundo la nyuzi lisilosomeka.

Baada ya hapo suala la faili likawa jepesi. Picha ya pikseli ina idadi maalumu ya vitone, na wachapaji wengi hutaka vitone 300 kwa kila inchi katika ukubwa halisi wa kuchapwa. Nembo tuliyokuwa tukiitumia kwenye simu ilikuwa na upana wa pikseli 900; ikigawanywa kwa 300 inatosha inchi 3 tu, ilhali kifuani tulitaka inchi 10. Kuivuta hakuongezi vitone, huvitanua vilivyopo. Nilimwomba mbunifu wetu faili la vekta, ambalo hujengwa kwa mistari ya kihesabu na hivyo hukuzwa bila kuharibika, na nikamtaka ageuze maandishi kuwa maumbo ili fonti isibadilike kwenye kompyuta ya mchapaji. Kuhusu rangi, kioo cha kompyuta huzijenga kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu, wakati mashine huchanganya wino, na baadhi ya rangi kali za kioo haziwezi kupatikana kwa wino. Nilimpa mchapaji namba ya buluu yetu katika Pantone, mfumo wa kutambulisha rangi kwa namba, ili awe na kipimo cha kulinganishia.

Prufu, yaani mchoro wa kazi unaoletewa uukague kabla ya kuchapwa, ilipokuja sikuitazama kwa uzuri wake. Nilikagua upana wa nembo kwa sentimita, umbali wake kutoka kwenye ukosi, namba ya rangi na tahajia ya jina, kisha nikaomba fulana moja ichapwe kabla ya nyingine. Nilipoidhinisha kazi, niliomba pia nakala ya faili la mishono. Tulipoagiza kofia tena, ada ya kuliandaa haikuwemo kwenye bili.