Bibi hatoi mawaidha, anatoa kazi

Tangu turudi Old Moshi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wenzangu tuliokuwa nao Berlin wananiuliza jambo moja tu. Hawaulizi umeme unakatika mara ngapi, wala intaneti inashikaje huku migombani. Wanauliza: "Na watoto je, wameanza kushika maadili?" Wanauliza kama mtu aliyepeleka redio kwa fundi. Nawaelewa. Ukilea watoto ughaibuni, kila wakikujibu kwa mkato au wakipita mbele ya mgeni bila salamu, unajipa moyo kwamba ipo siku utawapeleka kwa bibi yao na bibi atawanyoosha. Tulikuwa tunalisema hilo kwenye kila harusi na kila msiba, tukiwa tumeshika sahani za pilau, na wote tunaitikia.

Sasa ngoja niwaambie ninachokiona huku. Mama yangu, ambaye ndiye bibi mwenyewe, si mtu wa kukalisha watoto jioni na kuwahubiria. Hadithi za sungura na fisi hana habari nazo. Saa tatu usiku amelala. Anachofanya ni kuwapa kazi. Na si kazi ya kuwachosha tu ili watulie. Ni kazi ambayo isipofanyika kuna kitu kinaharibika, na nyumba nzima inajua kilikuwa mikononi mwa nani.

Mimi mwenyewe nililelewa hivyo na babu na bibi mzaa baba. Kwa desturi ya zamani ya sisi Wachagga, mtoto wa kwanza huenda kukaa kwa wazazi wa baba, na wa pili kwa wazazi wa mama. Si kwamba wazazi wameshindwa kulea. Wazee wanahitaji miguu ya kutumwa, na mtoto anahitaji kukua akijua ni wa nani. Nilipelekwa mara baada ya kuachishwa ziwa, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, kilichopakana na cha baba. Nikilia usiku, mama alikuwa ananisikia. Hakuja.

Nilipoanza shule, bibi alinionyesha shina la mgomba karibu na banda la ng'ombe, aina ya mshare, akasema hili ni lako. Kwa wasiojua: shina linalotunzwa vizuri linaachiwa migomba mitatu, yaani mama mwenye mkungu, mtoto anayemfuata, na mjukuu ndiyo kwanza anachomoza. Machipukizi mengine yote unang'oa. (Ndiyo, majina ni hayo, na mabwana shamba nao huyatumia. Najua mnataka kuyafanya fumbo. Acheni, ni kilimo tu.) Kazi ngumu ni kuchagua mjukuu yupi abaki. Ukiacha mengi yananyang'anyana chakula na mikungu inadhoofika. Ukibakiza lililo dhaifu, hutajua leo, utajua mwakani. Bibi alinionyesha mara moja kwenye shina lake, kisha akaniachia langu na panga dogo, akaenda kukama.

Ndizi na maziwa kwetu vilikuwa mali ya mwanamke. Kahawa ilikuwa ya mwanamume, na hela yake ilipitia chama cha ushirika, KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933 na ambacho babu alikitaja kama watu wengine wanavyotaja kanisa. Kwa hiyo mkungu wangu ulipokomaa, hapakuwa na mwanamume wa kuuliza habari zake. Tuliteremka nao Kiboriloni, bibi akauuza pamoja na yake, lakini hela ya wangu alinitilia kiganjani mwangu. Akasema, "Haya, mwenye mali, unanunua nini?" Nilinunua daftari, halafu nikanunua chumvi. Chumvi hakunituma. Nilikuwa nimeona asubuhi kwamba imeisha.

Hilo ndilo nimekaa nalifikiria tangu nirudi. Hakuna siku bibi aliniambia "uwe mtu wa kujali nyumba". Alinipa mgomba, akanipa hela, akanyamaza.

Kwa babu, shule ilikuwa mfongo, yaani mfereji wa maji. Mlimani kwetu, wazee waliotutangulia walichimba mifereji inayochepusha maji mtoni, juu karibu na msitu, wakaizungusha kwenye miteremko hadi ifike vihambani. Banio la maji ni mawe, matawi, udongo na magogo ya migomba. Penye korongo maji huvushwa kwenye magogo yaliyochongwa matumbo. Usiku maji hukusanywa kwenye bwawa dogo tunaloliita nduwa, asubuhi hufunguliwa, na kila nyumba ina zamu yake. Watalii wanatazama barafu ya kilele cha Kibo na kudhani ndiyo inayotunywesha, kumbe sehemu kubwa ya maji haya ni mvua inayonyesha msituni. Ndiyo maana babu alikuwa mkali kuliko askari wa misitu kwa mtu anayekata mti karibu na banio.

Mfongo una wenyewe: ukoo au koo zilizouchimba, na mzee wake. Siku ya kuusafisha ikitangazwa, kila nyumba inatoa mtu. Usipotoa mtu unalipa faini, zamani debe la mbege, pombe yetu ya ndizi, na wenzako wanainywa hapo hapo wakikusema. Nikiwa mtoto wa kike sikuruhusiwa kufika kwenye banio. Hiyo ilikuwa sehemu ya wanaume. Lakini zamu ya maji kihambani alinipa mimi. Nilikuwa nakaa kwenye kimfereji chetu na jembe, natazama kivuli cha mringaringa. Kikifika kwenye jiwe, nafunga kwetu, nafungua kwa jirani, mjane aliyekuwa peke yake. Mwaka mmoja ukame ulikuwa mkali na mahindi ya bibi yalikuwa yanajikunja majani. Nikamuuliza babu kama naweza kuchelewesha kidogo. Alijibu kwa swali: "Yeye ana nani wa kumlilia?" Nikafungua.

Sasa tuje kwa wa leo.

Binti yangu yuko darasa la saba, mdogo wake wa kiume yuko la tatu. Kiswahili wanakiweza, kikiwa na lafudhi inayowachekesha watoto wa bodaboda. Wiki ya kwanza waliamka saa nne na kumkuta bibi yao amekwisha kukata majani, amekama, amefagia. Mimi niliona aibu kwa niaba yao. Mama hakusema kitu. Kesho yake alimwamsha binti alfajiri akamwambia, "Mama, kuanzia leo huyu ndama ni wako. Mimi simnyweshi tena." Na kweli hakumnywesha. Siku moja jioni ndama alilia mpaka majirani wakauliza, mama amekaa barazani anapepeta ulezi kama hasikii. Mimi nilinyanyuka, akaniambia, "Kaa." Binti alitoka chumbani na simu mkononi, akasikiliza, akaitupa simu kitandani, akachukua ndoo.

Ningekuwa Berlin ningempa somo la robo saa.

Lakini si wajukuu wote wanaopewa nafasi hiyo. Desemba hapa ni msimu wa Wachagga kurudi. Mabasi kutoka Dar yanajaa, na tangu treni ya abiria irudi Moshi mwaka 2019 wengine wanapanda hiyo. Watoto wanashuka na viatu vyeupe. Binamu yangu mmoja alimwachia mama mtoto wake wa kiume wa kidato cha pili likizo nzima, "ajifunze maisha". Siku ya tatu akapiga simu kwa video: mtoto asitumwe majani, ana kifua, asiingie bandani, ana mzio, na yeye binamu atatuma hela bibi atafutiwe kijana wa kazi. Mama alisikiliza hadi mwisho, akajibu kwa upole kabisa, "Baba, mnaniletea wageni, halafu mnataka niwarudishie watu." Binamu akacheka. Mama hakuwa anachekesha.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaolalamika kwamba wazee wa siku hizi hawafundi tena vijana. Wazee wapo. Tumewanyang'anya vifaa. Kahawa iling'olewa vihamba vingi baada ya bei kuanguka, kwa hiyo hakuna ile kazi ya kuchuma ambayo nyumba nzima ilishiriki na ada ya shule ikaonekana ikikauka kwenye vichanja. Ng'ombe ana kijana wa mshahara. Na mfongo nao tumeununua. Faini ya kutofika kwenye usafi sasa inatumwa kwa M-Pesa kutoka Dar, Arusha, Muscat, hata Berlin. Mimi nilituma miaka yote, na kaka alituma. Wanaotuma wakazidi wanaokuja, faini ikawa ada. Kamati ikawa na hela, mfongo ukawa na matope. Wazee wanne wenye magoti mabovu hawawezi kuinua gogo la banio hata ukiwapa pesa ya benki nzima.

Nilipokuwa Ujerumani kulikuwa na jambo jingine lililonifanya niwaze sana habari ya wajukuu. Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, yeye na viongozi wengine, na ukoo wake unasema kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, Mzee Isaria Meli, alisikia habari ile kwa bibi yake, mjane wa Mangi, aliyelazimishwa kutazama. Mzee Isaria alizaliwa miongo kadhaa baada ya tukio. Hata hivyo alitumia miaka na miaka kudai kichwa cha babu yake kirudi, akatoa na sampuli ya vinasaba. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vimepata ndugu walio hai Tanzania kwa baadhi ya mafuvu yaliyohifadhiwa kule. La Mangi Meli halikuwamo. Nilisoma habari hiyo ndani ya treni ya mji ule ule, nikamfikiria yule bibi zaidi ya mtu mwingine yeyote. Hakumwachia mjukuu mali. Alimwachia jambo ambalo halijaisha.

Isije ikaonekana kwamba nawapamba wazee. Kuna mambo wanayotukabidhi ambayo mimi sipokei kimya. Kihamba chetu, chenye makaburi ya babu na bibi na sasa baba, kwa mila ni cha mtoto wa mwisho wa kiume. Huyo ni kaka yangu mdogo, yuko Dar, mtu mwema, anafika Desemba na kuondoka mwanzoni mwa Januari. Ninayeng'oa machipukizi ni mimi. Ninayejua ng'ombe amepandwa lini ni mimi. Kwa mila mimi hapa ni binti aliyerudi, yaani mgeni wa muda mrefu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na wazee wetu wanaijua vizuri sana. Wanaijua kama wanavyojua kwamba sukari ina madhara.

Desemba iliyopita tuliliweka mezani. Kaka mwenyewe ndiye aliyeanza, na namshukuru, maana ningeanza mimi ingeitwa tamaa. Alisema hati ya kimila ikiandikwa, majina yawe mawili. Baba mdogo akasema ardhi ya ukoo haitoki kwa mlango wa binti. Mwingine akasema watoto wangu wana ukoo wao kwa baba yao, jambo ambalo ni kweli. Mazungumzo yakaenda, yakarudi, mbege ikapungua. Mama alikuwa kimya muda wote, mpaka binti yangu alipopita uani na ndoo ya maganda ya ndizi ya ndama, ambaye sasa ni mtamba. Mama akawauliza mashemeji zake, "Huyo mnamwonaje, ni wa ukoo gani?" Baba mdogo akasema hayo ni maneno ya kike. Kaka akamwambia, "Baba mdogo, na maji ya mfongo msimu huu amefungua nani?" Hakukuwa na muafaka. Tumeahirisha hadi Pasaka, na mwenyekiti wa kitongoji amekubali kukaa nasi kama shahidi. Sina uhakika nitashinda. Ninachojua ni kwamba babu aliponikabidhi zamu ya maji hakuniuliza kama mimi ni wa kike.

Kuhusu mfongo, kamati imepitisha kanuni mpya: nyumba yenye kijana mzima hailipi, inatoa mtu. Hata kama kijana ni wa likizo. Wanawake nao wanafika hadi kwenye banio siku hizi, si kwa mjadala wowote wa haki, ni kwa sababu nyumba nyingi hazina mwanamume wa kumtuma. Zamu ya upande wetu ni Jumamosi ijayo. Binamu amekataa katakata kumleta mwanawe, kisha jana usiku akaandika kwamba mtoto mwenyewe amesema atakuja, na je, kuna buti za kuazima? Zipo, za marehemu baba, zitampwaya. Nimemwambia aje na soksi nene, na afike Ijumaa jioni kwa sababu tunaondoka hapa kabla hakujapambazuka.