Nilivyoifundisha historia ya Bad Brains kwa Kiswahili

Darasa letu la Kiswahili la Jumamosi lina utaratibu mmoja. Kila mwezi mzazi mmoja husimama mbele ya watoto na kuwaeleza, kwa Kiswahili kitupu, jambo la mahali tunapoishi. Sisi tuko kaunti ya Prince George's, jimbo la Maryland, ukivuka tu mpaka wa Washington. Mama mmoja aliwaeleza mto Anacostia. Baba mmoja aliwaeleza treni za chini ya ardhi, maana ndiko anakofanya kazi. Zamu yangu ilipokaribia nikasema nitazungumzia bendi ya panki, ile roki ya kasi na makelele. Mwenyekiti wetu, mama wa Kitanga tunayemheshimu sote, akaniuliza taratibu, "Kaka, hilo litawafaa watoto kweli?" Nikamwomba anipe wiki sita, kisha nimletee nilichoandika akisome kwanza.

Chanzo chake kilikuwa jirani yangu wa nyumba ya pili, mzee aliyekulia hapahapa. Siku moja alinikuta naosha gari huku Mbaraka Mwinshehe akiimba kwenye redio ya gari. Alisimama, akasikiliza lile gitaa mpaka mwisho wa wimbo. Kisha akasema kuna vijana wa mitaa hii waliopiga gitaa kwa namna ambayo watu wa mbali walikuja kuiga, na kwamba yeye aliwajua tangu wakipiga jazi. Akanitajia jina: Bad Brains. Nilikuwa nimeishi hapa miaka tisa na sijawahi kulisikia.

Usiku huo nikazisikiliza nyimbo zao na sikuambulia kitu. Ilikuwa kama gari moshi linapita chumbani. Lakini maneno ya mzee kuhusu jazi hayakunitoka kichwani. Mtu aliyeanza na jazi hapigi ovyo. Akipiga hivi, kaamua.

Marehemu baba yangu alikuwa mpenzi wa dansi, mtu wa Morogoro. Alipokueleza habari za bendi, hakuanza na nyimbo. Alianza na mambo matatu: nani katoka wapi, vyombo vya nani, na mtindo wao ni upi. Atakwambia Mbaraka aling'ara Morogoro Jazz, na mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano. Atakwambia NUTA Jazz vyombo ni vya chama cha wafanyakazi, na mtindo wao Msondo. Ukishajibiwa hayo matatu unaijua bendi hata kama hujaisikia. Basi nikachukua daftari, nikaandika maswali ya baba, nikaanza kuwatafutia Bad Brains majibu.

Nani katoka wapi lilikuwa jepesi kuliko nilivyotarajia. Mwaka 1976 hivi, District Heights, mwendo mfupi wa gari kutoka kwangu, vijana wanne Weusi walikuwa na bendi iliyoitwa Mind Power. Gary Miller, anayejulikana zaidi kama Dr. Know, alipiga gitaa. Darryl Jenifer alipiga besi. Ndugu wawili, Paul Hudson na mdogo wake Earl, ndio waliokamilisha: Earl kwenye dramu, na Paul, ambaye dunia inamjua kwa jina la H.R., akawa mwimbaji. Walipiga ile jazi iliyochanganywa na roki, ya kufuata nyayo za Return to Forever na Mahavishnu Orchestra, muziki ambao haupigiki na mtu asiyefanya mazoezi kila siku. Rafiki yao Sid McCray ndiye aliyewaletea sahani za panki. Wakazisikiliza, wakaona mle kuna nguvu waliyokuwa wakiitafuta, lakini wapigaji wake hawana vidole kama vyao. Kwa hiyo walichukua ile nguvu na kuitia ufundi wa jazi.

Hapo nikakutana na tatizo la tarehe, na nilikaa nalo siku kadhaa. Karibu kila mahali wameandika kwamba bendi ilibadilisha jina mwaka 1977, na kwamba jina lilitokana na wimbo wa Ramones, bendi ya panki ya New York, uitwao "Bad Brain". Lakini wimbo huo uko kwenye santuri ya Ramones iliyotoka Septemba 1978. Mambo hayo mawili hayakai pamoja. Nilipomwonyesha jirani yangu, alisema watu wa bendi huhesabu miaka kwa safari na kumbi, hawatazami kalenda. Niliamua kuwaambia watoto kwamba miaka ya 1977 na 1978 ndiyo waliyogeuka kutoka jazi kwenda panki, na nikawaeleza kwa nini siliunganishi jina na mwaka mmoja. Mtoto wa miaka kumi na tatu anaweza kabisa kuelewa kwamba wimbo hauwezi kukupa jina kabla haujatoka.

Swali la vyombo ndilo lililonishika zaidi. Kwetu bendi nyingi zilikuwa na mwenyewe: chama, jeshi, shirika la umma. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na akihama anaacha gitaa nyuma. Hawa walikuwa hawana mwenyewe. Mwaka 1979 walipanda ndege kwenda Uingereza kupiga muziki, wakazuiwa na maofisa wa uhamiaji na kurudishwa. Vyombo navyo vikaibwa. Nilipolisoma hilo niliweka daftari chini. Mtu yeyote katika darasa letu anajua ile meza ya uhamiaji, anajua mtu anavyosimama pale na karatasi zake mkononi huku ofisa akiangalia skrini. Wao walirudi nyumbani mikono mitupu.

Waliowapokea walikuwa vijana wa Kizungu wa Washington, wadogo kwao kwa umri, wengine bado wanafunzi wa sekondari, wenye bendi iliyoitwa Teen Idles. Waliwaachia chumba chao cha chini cha mazoezi na vyombo vyao. Wao wakakaa pembeni wakitazama. Mmoja wa vijana hao alikuwa Ian MacKaye. Mwaka 1980 yeye na mwenzake Jeff Nelson walianzisha Dischord, lebo ya kutoa santuri, wakaunda pia bendi ya Minor Threat, na kutoka hapo panki ya Washington ikajulikana duniani. Nafikiri hapa ndipo historia yote ilipo: katika miezi ile ya kuazimana vyombo. Waliofundishwa walilipa kwa amplifaya na dramu, na waliofundisha hawakudai zaidi.

Kumbi nazo zilikuwa taabu. Wimbo wao "Banned in D.C." unaeleza wenyewe kwa jina lake: walikuwa wamefungiwa milango ya kumbi nyingi za jiji. Wakapiga majumbani, kwenye vyumba vya chini, na kwenye nyumba ya wasanii ya Madams Organ pale Adams Morgan. Mwaka huo wa 1979 walipiga pia Valley Green, makazi ya watu wa kipato cha chini kusini mashariki mwa Washington, katika onyesho la kupinga ubaguzi wa rangi. Mpiga picha Lucian Perkins alikuwepo. Katika picha zake unaona watoto wa mtaa wamesimama karibu kabisa na bendi. Hizo picha nilizitazama muda mrefu kuliko kitu kingine chochote.

Nyaraka nilizipata bure. Maktaba kuu ya Washington, ile yenye jina la Martin Luther King Jr. mtaa wa G, imekuwa ikikusanya kumbukumbu za panki ya jiji tangu 2014. Nafanya kazi ya usiku, nahudumia wazee, kwa hiyo asubuhi baada ya zamu nilipanda treni nikaenda. Niliandika kwanza kuomba miadi na kueleza ninachotafuta. Mkutubi hakushangaa hata kidogo kwamba ni kwa ajili ya darasa la Kiswahili. Alinitolea makabrasha ya vipeperushi vya fotokopi, herufi zimekatwa magazetini na kubandikwa kwa gundi, na majarida madogo waliyochapa vijana wenyewe na kuyabana kwa pini. Mwenye kutaka kufuatilia bendi ya kwao, namshauri aanze na vipeperushi. Kipeperushi hakina majivuno. Kinakwambia siku, mahali, kiingilio, na nani alipiga na nani, na ukivipanga kwa mfuatano unaiona bendi ikitembea mjini.

Likabaki swali la mtindo, na kusikiliza kulihitaji mbinu nyingine. Kwenye simu kuna programu inayopunguza mwendo wa wimbo bila kubadilisha sauti zake. Nikauchukua wimbo wa santuri yao ya kwanza, ya 1980, ambao unaisha kabla ya dakika mbili, nikaupunguza hadi nusu. Mlango ukafunguka. Besi ya Jenifer inatembea, haigongi noti moja tu. Dramu za Earl Hudson zinabadilisha mgawanyo ghafla na wote wanne wanakata mahali pamoja, kama kisu. Wimbo wa dansi una sehemu ya kwanza ya mashairi, taratibu, kisha unafika pale magitaa yanapochemka na watu wanajaa uwanjani. Bad Brains wanaanzia palepale panapochemka, na wanamalizia hapohapo. Nilipolielewa hilo nikaanza kuusikia wimbo kwa mwendo wake halisi, na tangu siku hiyo sijawahi kuusikia tena kama kelele.

Kisha ikaja kaseti. Mwaka 1982 lebo ya ROIR ya New York, walikokuwa wamehamia, ilitoa albamu yao ya kwanza kwa kaseti tu. Ganda lake ni la njano, na radi inapiga kuba la Bunge la Marekani. Ndani yake, katikati ya nyimbo za kasi, kuna rege tupu. Walikuwa wamemwona Bob Marley jukwaani, wakashika imani ya Rasta, inayoitukuza Ethiopia. Watoto wetu wanaijua Ethiopia kama nchi ya jirani na ya marafiki zao wa Silver Spring. Kusikia kwamba vijana wa District Heights waliigeukia Ethiopia kwa moyo wao wote kuliwafanya wakae wima.

Maneno ndiyo yaliyonichukua wiki mbili nzima. Panki na rege zilikuwa tayari. Ile panki ya kasi ya Washington nikaiita panki kali. Ule mtindo wa watu kusukumana kwa mzunguko mbele ya jukwaa nikauacha bila jina, ili watoto walitafute wenyewe. Lililonitesa ni lile neno la H.R. la herufi tatu, P.M.A., yaani "Positive Mental Attitude", alilolitoa kwenye mafundisho ya Napoleon Hill, mwandishi Mmarekani wa vitabu vya mafanikio: kuwa na fikra njema hata mambo yakiwa mabaya. Nikajaribu "mtazamo chanya", likasikika kama semina. Mwenyekiti wetu aliposoma rasimu yangu alikata maneno hayo kwa kalamu, akaandika pembeni: nia njema. Kila mtu aliyekua kwetu amesikia kwamba nia njema ni tabibu. Nikaliacha alivyoliandika.

Na kuna jambo ambalo nusura nilifiche. Mwaka 1982, wakiwa Austin, Texas, waligombana na wanamuziki wenzao waliowapokea, na wakawatolea mashoga maneno ya chuki. Niliwaeleza watoto, kwa kifupi na bila kupamba. Bendi ambayo yenyewe imefungiwa milango iliwafungia wengine moyo. Binti mmoja aliuliza kama nyimbo zinaharibika kwa sababu hiyo. Nikamwambia kwangu nyimbo hazikuharibika, ila siwezi tena kuisimulia bendi bila kulitaja hilo.

Somo lilikuwa la dakika arobaini na likachukua saa moja na nusu. Jirani yangu alikuja, akakaa nyuma kwenye kiti cha kukunja, hasikii Kiswahili, lakini kila niliposema District Heights au Madams Organ alitikisa kichwa. Niliwaonyesha ramani na nikawapigia wimbo kwa nusu ya mwendo, kisha kwa mwendo wake. Kwa lile la kusukumana, wakapendekeza "vurugu", wengine "msukumano", wakapiga kura, msukumano ukashinda. Mwenyekiti wetu alisikiliza wimbo mzima akiwa amefumba macho. Ulipoisha akasema, "Huyo wa besi ana adabu."

Kijana mmoja anayejifunza gitaa shuleni alibaki wenzake walipotoka. "Shikamoo, Mjomba," akaniambia, "ule wa Mbaraka unaoupigaga kwenye gari, unaweza kwenda kasi mara mbili?" Tukaupandisha kwenye simu. Lile gitaa la solo likatoka kali na jembamba, kila noti imekaa mahali pake. Tukausikiliza mara tatu. Jumamosi iliyofuata alikuja na gitaa lake, na mama yake nyuma amembebea amplifaya.