Pono wa Kwenye Simu

Mwaka 2018 nilikuwa najitolea kwenye klabu ya mazingira ya shule moja ya msingi, Likoni, Mombasa. Rafiki yangu alinipatia simu chache kuukuu pamoja na visanduku vya kadibodi vyenye lenzi mbili. Simu unaipachika ndani, kisanduku unakiweka machoni, basi kila ukigeuza shingo unaona upande mwingine. Tulitia video ya miamba ya matumbawe.

Watoto wa Likoni wanalala na mvumo wa bahari masikioni, lakini wengi, hasa wasichana, hawakuwa wamewahi kutazama chini ya maji. Sikuwaeleza kitu. Mara darasa likageuka soko.

"Pono! Wallahi ni pono!"

Kijana wa mvuvi alikuwa akinyoosha mkono kukamata hewa. Pono alimjua wa karaini, aliyekwisha kubadilika rangi kwa mafuta. Huyu alikuwa hai, anaguguna tumbawe kwa meno yake, na nyuma yake kukatoka wingu jeupe.

"Mwalimu, anakunya mchanga!"

Kicheko kilipotulia nikawaambia ni kweli: sehemu ya mchanga mweupe wa ufuo wetu imepita tumboni mwa pono. Ningeandika hivyo ubaoni, nani angekumbuka? Baadaye simu zikapata moto, wawili wakashikwa na kizunguzungu, tukafunga.

Jumamosi tukapanda matatu hadi Gazi, ambako kina mama wamejenga njia ya mbao katikati ya mikoko. Huko ndiko kwenye Mikoko Pamoja, mradi ambao tangu 2013 unauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, kwa wanaotaka kufidia uchafuzi wao, na pesa zinasaidia maji na shule za kijiji. Hayo niliwaeleza njiani, na nadhani hakuna aliyesikiliza.

Maji yalikuwa yamekupwa. Mama aliyetupokea hakutaka hata kuziona simu zetu.

"Vueni viatu, wanangu. Shukeni."

Tope likawafika magotini. Akachuma jani la mchu, aina mojawapo ya miti ya mikoko, akamwambia msichana mmoja alilambe. Uso ukamkunjika: chumvi tupu! Mchu huitoa kwa majani ile chumvi inayoivuta. Kisha akawaonyesha mbegu ya mkoko, iliyoota ikiwa bado inaning'inia mtini, ndefu kuliko mkono wa mtoto. Kila mmoja akachomeka yake topeni. Harufu ya tope lile, na kaa wanaotoroka kila ukiinua mguu, hakuna kisanduku kitakachokupa.

Kwenye kidimbwi kati ya mizizi kulikuwa na visamaki vidogo mno. Kijana wa mvuvi akachuchumaa.

"Mama, hawa watakwenda kule kwenye simu?"

"Wengine. Hapa wanajificha, wakikua wanatoka kwenda mwambani."

Juma lililofuata waliitazama tena ile video, safari hii wakilalamika kwamba haina watoto wa samaki. Wakadai turudi Gazi tukapige wenyewe. Mifuko ya plastiki ilikuwa imepigwa marufuku tangu 2017, kwa hiyo simu tuliifungia ndani ya kopo la peremende linaloonyesha, tukalizamisha kwa mikono. Ilitoka video ya maji ya rangi ya chai, vidole vya watu, na mara moja tu, mkia. Waliitazama mpaka betri ikaisha, wakibishana mkia ni wa nani.